Mashine ya kunawa mikono kwa kukanyaga: miezi mitatu mlangoni pa kibanda changu

Naanza na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Fundi alisema shilingi 6,000, mimi nikasema 3,000, tukakutana 4,500 na chupa ya sabuni juu yake. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya Aprili 2020, Mombasa nzima inasaka ndoo za mfereji, na ndoo ambayo Februari ilikuwa ya kuwekea unga imegeuka mali.

Mimi nauza chai, mahamri, mbaazi na viazi vya karai Kongowea, si mbali na soko. Kibanda cha mabati, mabenchi mawili, meza moja. Korona ilipoingia tukaambiwa hakuna kukaa kula, mtu achukue chake aende, na asiye na maji na sabuni mlangoni asifungue. Nilianza na ndoo ya kawaida. Siku ya pili nikamwona kijana wa mkokoteni ananawa vizuri, povu mpaka viwikoni, akasuuza, kisha akaufunga mfereji ule ule alioufungua na mikono michafu. Sasa amenawa nini? Jioni nikampigia simu fundi wa Mtwapa aliyenitengenezea mlango.

Mashine yenyewe ni fremu ya chuma inayonifika kifuani. Juu imekaa ndoo ya lita 30, chini ya mfereji kuna karai lililotobolewa, na mpira wa kushusha maji machafu kwenye ndoo nyingine. Chini kabisa mna makanyagio mawili. La kulia lavuta waya unaofungua mfereji. La kushoto lashusha mkono wa chuma unaobinya kichwa cha chupa ya sabuni. Ukiondoa mguu, springi yarudisha kila kitu mahali pake. Rangi ya buluu, viungo vimesuguliwa vizuri, havinasi leso. Kwa kazi ya mikono yake sina neno.

Lawama yangu ya kwanza kwake ni kwamba hakuweka alama. Mteja wa kwanza alikanyaga kushoto akitaka maji, akapata sabuni. Akakanyaga tena, sabuni. Mara ya tatu ana sabuni ya kuoshea tuktuk. Mwanangu wa darasa la sita, aliyekuwa nyumbani tangu shule zifungwe Machi, akachora tone la maji kulia na kipande cha sabuni kushoto. Tone walilielewa. Kile kipande, watu watatu waliniuliza kama siku hizi nauza na mkate.

Watoto, kwa upande wao, hawakuhitaji kuchorewa. Waliijua mashine kuliko mimi kwa siku moja. Hakuna shule, hakuna madrasa, hakuna mpira, na hapa mlangoni kwa mama mahamri kuna kitu ukikikanyaga chatoa maji. Lita 30 ziliisha chai haijachemka. Nikaanza kuifungia ndani mpaka mteja wa kwanza afike.

Maji sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna muuzaji wa mashine hizi atakayekwambia. Kwetu maji ya mfereji huja yatakapo, kwa hivyo tulinunua kwa hamali wa mkokoteni, mtungi wa lita 20 ulikuwa shilingi 30. Maji ya kisima cha jirani yalikuwa shilingi 10, lakini yana chumvi. Nikaona, haya ni ya kunawa tu, si ya chai, kwa nini nijitese? Nikatia ya kisima. Maji ya chumvi hayatoi povu, na mtu asipoona povu haamini kwamba amenawa. Akanyaga sabuni, asugua, atazama mikono, akanyaga tena. Dumu la sabuni ya maji la lita 5, la shilingi 350, lililokuwa likinifikisha siku tisa, likaisha siku ya nne. Nikatoa kijitabu cha madeni nikapiga hesabu: kwenye mitungi mitatu kwa siku naokoa 60, kwenye sabuni napoteza kama 49. Faida shilingi 11. Na hizo 11 chumvi ikazifuta kwa kuila springi, kama nitakavyowaambia. Nunueni maji matamu.

Sabuni nayo ina kipimo. Ikiwa nzito kama ilivyotoka dumuni, inaganda mdomoni mwa chupa. Ukiizimua sana, yachuruzika yenyewe. Kipimo nilichokipata ni vikombe viwili vya sabuni kwa kimoja cha maji, lakini kabla sijakijua nilimharibia mzee mmoja Ijumaa yake. Misikiti ilikuwa imefungwa, na yeye kila Ijumaa alikuwa akivaa kanzu yake nyeupe, kofia, mafuta mazuri, apite kwangu achukue mahamri manne, arudi kuswali adhuhuri nyumbani. Siku hiyo sabuni ilikuwa imeganda. Akakanyaga polepole, haikutoka. Akakanyaga kwa uzito wake wote. Ikatoka yote mara moja, si mikononi, ikampata kuanzia kifuani mpaka tumboni, mstari mmoja wa kijani. Nikatoka mbio na kitambaa, nasema samahani baba, samahani. Akajitazama, akanitazama.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kunawa mikono, sikuja kufuliwa."

Mahamri nikampa bure. Kitu cha kurekebisha hapo, na nilimwambia fundi, ni ule mkono wa chuma uwe na kizuizi usishuke mpaka mwisho.

Wateja sasa. Najua haya ni maoni kuhusu mashine, lakini mashine hainawi peke yake. Kuna mama mmoja ambaye nikifumba macho namwona. Alikuja na noti ya 100 mkononi, akafika kwenye mashine, akatafuta pa kuiweka. Mkoba hana, mfuko hana, leso mbili zimebana. Akaitia mdomoni. Akaishika kwa meno, mikono ikawa huru, akanawa kama daktari: vidole, kati ya vidole, kucha, viganja, sekunde zote 20 na zaidi. Akapangusa mikono kwenye leso. Kisha akaitoa noti mdomoni, imelowa ukingoni, akaninyooshea huku akitabasamu. "Mbaazi za hamsini, dada." Nikasimama na mwiko hewani. Ningefanya nini? Niliipokea kwa karatasi ya gazeti. Tangu siku hiyo nikabandika namba ya M-Pesa juu ya ndoo, tena kwa maandishi makubwa. Ada ya kutuma pesa zisizozidi 1,000 ilikuwa imeondolewa tangu Machi, hakukuwa na kisingizio. Wengi wakazoea. Yeye bado huja na noti, ila siku hizi huibana kwapani.

Barakoa faini yake ilikuwa 20,000, kwa hivyo kila mtu alikuwa nayo. Alipoiweka ni jambo jingine. Wengine kidevuni, wengine sikio moja kama kipuli, wengine mfukoni tayari kuchomolewa. Mteja wangu wa miaka mingi, dereva wa tuktuk, aliivuta chini mbele yangu, akapiga chafya, kisha akairudisha puani taratibu. Nikamwuliza amefanya nini. Akanijibu kwa mshangao wa kweli, "Sasa mama, niichafue?"

Na duara nilizochora chini? Nilizipiga kwa chokaa, hatua mbili kati ya moja na nyingine, saba kwa jumla. Siku mbili za kwanza walisimama kila mtu na lake, wanachekana. Siku ya tatu wakaanza kusimama watatu kwenye duara moja, kwa sababu, waliniambia, wametoka nyumba moja. Kisha ikaja mvua ya masika, chokaa ikaenda, na wote saba wakaingia chini ya bati langu la futi sita wakakaa mgongo kwa kifua. Redio yangu ilikuwa juu ya kabati, na kila alasiri Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, alikuwa akitusomea hesabu ya wagonjwa na kutuonya kwamba tukiendelea kuishi kikawaida, ugonjwa hautatuchukulia kikawaida. Wateja wakasogea karibu zaidi ili wasikie vizuri.

Ramadhani ndiyo iliyoijaribu mashine. Kafyu ilikuwa saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, na maghribi yetu huingia saa 12 na kitu, kwa hivyo biashara yote ya futari ilibanwa kati ya saa 10 na saa 12. Watu wenye njaa, wenye haraka, wanaotazama saa. Dada yangu mkubwa ndiye hunisaidia kaimati kila mwaka, lakini yeye akaa Mji wa Kale, na tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Nikabaki mimi na mwanangu. Foleni ya futari haikuwa na watu, ilikuwa na vitu: ndara moja, bakuli, jiwe lenye jina la mtu kwa chokaa. Wenyewe wamekaa kivulini upande wa pili wa barabara wanapiga soga. Ikifika zamu ya jiwe, mwenye jiwe atokea. Kusema kweli huo ndio wakati pekee watu wa foleni yangu walipotengana mita moja.

Katika wiki hizo mashine ilikuwa ikikanyagwa mara mia mbili kwa jioni, na siku moja, kumi la pili la Ramadhani halijaisha, springi ya maji ikakatika. Ndiyo ile chumvi ya kisima. Kanyagio likalala chini, mfereji ukabaki wazi, lita zangu 30 zikateremka barabarani mbele ya macho ya watu waliofunga. Nikampigia fundi. Fundi yuko Mtwapa, Mtwapa iko Kilifi, na tangu tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zilikuwa zimefungwa, gari la mizigo tu ndilo lapita. "Dada, ningekuja hata kwa miguu," akaniambia. Daraja la Mtwapa liko pale pale, ningeweza kumpungia mkono.

Basi akanielekeza kwa simu ya video, mimi nimelala chini ya karai na barakoa, yeye ananiambia geuza kamera, hapana, kule kwingine. Springi ya aina ile haikupatikana. Mwanangu ndiye aliyetoa wazo la mpira wa tyubu ya baiskeli. Tulikata vipande viwili, tukavifunga kwenye kanyagio na fremu, na ule waya, ambao nao ulikuwa umeanza kuchanika, tukauondoa tukaweka kebo ya breki ya baiskeli. Fundi wa baiskeli alinitoza 80 kwa vyote. Mpira haushiki kutu. Kebo yateleza vizuri ndani ya ala yake, na kanyagio likawa jepesi kuliko siku ya kwanza, hata bibi wa miaka sabini alikanyaga bila kushika fremu.

Mwezi wa sita tulipomwona kwenye runinga yule mtoto wa miaka 9 wa Bungoma, aliyetunukiwa na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, kwa mashine yake ya mbao, nilimtazama kwa jicho la fundi mwenzake. Yake ukikanyaga yainamisha chombo cha maji. Hakuna springi ya kushika kutu. Mtoto alifikiri.

Je, ununue? Kama una kibanda au duka, ndiyo. Ndoo ya kawaida yakupa mfereji mchafu wa watu wote. Mwambie fundi akuchoree alama kabisa, akuwekee kizuizi cha mkono wa sabuni na kanyagio pana, maana hili langu ni jembamba na mwenye ndara za plastiki huteleza. Uwe na kamba ya kuifunga mguu usiku. Hii yangu haijaibwa, lakini chupa ya sabuni imeondoka mara mbili.

Julai njia zilipofunguliwa, fundi alikuja mwenyewe, siku ya pili tu, kuangalia kazi yake. Akachuchumaa, akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Akaushika ule mpira, akaifuata kebo kwa kidole mpaka juu. Akatoa simu akapiga picha tatu. Baada ya hapo jirani yangu wa duka la unga alinunua mpya kwake: kebo ya breki, mpira wa tyubu, tone la maji limepigwa rangi kulia. 5,000. Nilipompigia fundi kumwuliza fungu la mwanangu liko wapi, alicheka akasema atapita tuongee. Siku ile alipokuja alikunywa chai vikombe viwili na mahamri manne, akasimama hapo hapo kando ya mashine akila, na mikono hakunawa.