Boksi la nyungunyungu la trei tatu, baada ya miezi minane

Boksi lenyewe, la kufugia nyungunyungu wanaogeuza maganda kuwa mboji, nalipenda. Ugomvi wangu ni na kile kikaratasi cha maelekezo kilichokuja nalo. Kiliandikwa kwamba nyungunyungu wekundu "hula maganda", nami nikawajazia trei nzima siku ile ile.

Nyungunyungu hana meno. Ganda bichi likimwangukia mbele yake, hana la kulifanya. Lazima kuvu na bakteria waanze kulilainisha, ndipo aufyonze ule ujiuji pamoja na hao bakteria wenyewe, na kuusaga ndani ya firigisi kwa chembe za mchanga alizozimeza. Boksi jipya halina bado bakteria na kuvu wa kutosha. Maganda yangu yakatoa maji, hewa ikakosa pa kupita, na wakatawala bakteria wasiohitaji oksijeni. Siku ya tisa nilifunua nikapigwa na harufu ya yai viza, nyungunyungu wamejibandika kwenye kifuniko. Hupumua kwa ngozi hao, na kule chini hapakuwa na pumzi. Wengi walikufa. Iliniuma sana.

Nilichota maganda yote, nikachanganya maboksi ya karatasi yaliyochanwachanwa na kiganja cha udongo. Baada ya wiki mbili harufu ilikwisha.

Halafu wakaja wageni: vijidudu vyeupe vinavyoruka, na utitiri. Muuzaji alinishauri nipulize dawa. Namshukuru Mungu sikumsikiliza! Lenzi ya mkono iliyomo kwenye boksi, inayokuza mara 10, ndiyo iliyonifungua macho. Vile vyeupe vinakula kuvu, na baadhi ya utitiri wanaviwinda vile vyeupe. Ningepulizia, ningeua wote, na nyungunyungu pamoja nao.

Kwa lenzi hiyo hiyo nilikitazama kifuko cha mayai, kama limau dogo kuliko punje ya mchele. Kilikuwa cha manjano, kikageuka chekundu. Asubuhi moja wakatoka wawili, wembamba kama uzi mweupe, na mshipa wa damu unaonekana kupitia ngozi. Niliduwaa pale nikasahau chai.

Nilihofia watafurika. Hawakufurika: nafasi na chakula vikibana, wanapunguza kutaga.

Kuhusu trei, matundu yake ni ya kadiri nzuri. Ukiweka chakula kwenye trei ya juu wanapanda wenyewe na kukuachia mboji. Koki ndiyo mbovu, inaziba kwa tope na trei ya chini inafurika. Izibue kila wiki. Plastiki nyeusi nayo inashika joto, na hawa wanapenda nyuzi 15 hadi 25, kwa hiyo liweke kivulini.

Walimu wa biolojia, linunueni. Watengenezaji, chapisheni kikaratasi kipya: wiki ya kwanza kiganja kimoja tu cha maganda, kifukiwe chini ya karatasi zilizoloweshwa, na kisiongezwe kingine mpaka hicho kiote kuvu.