Kukodi boti ya mbao kuzunguka Tchegera: uzoefu wangu

Kwa anayetaka jibu la haraka: boti ya mbao yenye mota ya farasi 15, abiria wasiozidi sita, kutoka Goma asubuhi mapema na kurudi kabla ya saa sita mchana, inatosha kabisa kwa kuzunguka Tchegera, kisiwa kidogo cha Ziwa Kivu, na kupita kando ya mwambao wa mawe meusi. Nimekodi mara sita kwa wenye boti watatu tofauti, mara nne kiangazi na mara mbili wakati wa mvua. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokatwa ni ya majile, yaani makoti ya kuokolea majini, nitayafikia.

Kwanza kisiwa, maana wengi wanakikodia boti bila kujua wanaenda kuona nini. Tchegera ni mdomo wa volkeno ndogo uliobaki juu ya maji kwa umbo la mwezi mwandamo, na upande wa ndani una ghuba tulivu. Jiwe lake si lava iliyotiririka. Ni majivu na vipande vya mawe vilivyorushwa pale moto ulipokutana na maji, vikatua tabaka juu ya tabaka na kugandamana. Mont Goma, kilima kilicho juu ya bandari, ni ya ukoo huohuo. Ukitaka kuyaona matabaka, mwambie nahodha apunguze mwendo upande wa nje wa mwezi jua likiwa bado chini. Saa nne ikishapita, mwanga unaufanya ukuta wote uwe rangi moja. Kijiji hakuna. Kisiwa ni sehemu ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na kushuka ni kwa ruhusa ya hifadhi peke yake. Utalii ukiwa umefungwa, mwenye boti anayekuambia "tutashuka kidogo tu" anakuingiza matatani, yeye akiwa amekwisha kuchukua pesa. Kwangu kuzunguka bila kushuka hakujawahi kuwa hasara, kwa sababu miamba yote mizuri inatazama majini.

Bei inapanda na kushuka pamoja na esansi (petroli), kwa hiyo naeleza inavyojengwa. Unapatana kwa boti nzima, si kwa kichwa. Kuna sehemu ya boti na nahodha, kuna esansi na mafuta ya kuchanganya nayo, halafu kuna vibali. Omba vitatu hivyo vitajwe kimoja kimoja. Bei ya jumla inayofunika kila kitu ina ubaya wake: esansi ikiwa ndani yake, nahodha anabeba kidogo ili abaki na kitu, na huko katikati ya ziwa ndiko utakakogundua.

Hesabu ya esansi ni rahisi. Mota ya farasi 15 ya aina ya kuchanganya mafuta, ikikimbizwa hadi mwisho, inakula lita 6 hadi 7 kwa saa. Kwenda, kuzunguka polepole na kurudi ni kama saa tatu za mota, yaani lita 20. Ongeza lita 10 za akiba kwenye bidoni (dumu) ya pili iliyofungwa vizuri. Mafuta ni sehemu moja kwa hamsini: bidoni ya lita 20 inataka mililita 400. Manahodha wengi humimina zaidi wakidhani wanailinda mota. Hapa kwetu wanaiumiza, na sababu ni kimo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa kwa pwani inatia esansi nyingi kuliko hewa iliyopo, moto haukamiliki, buji (plagi ya cheche) inashika masizi. Mota yenyewe imekwisha kupoteza karibu farasi mbili kati ya 15 kwa sababu ya kimo. Ukiongeza mafuta mazito inakohoa na kuzima kila nahodha anaporudisha mkono. Kabla ya kuondoka naomba buji ifunguliwe. Ikiwa ya kahawia iliyopauka ni nzima. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu wa mafuta, isafishwe, na ziwepo mbili za akiba pamoja na ufunguo wake. Dakika tano tu. Mwenye boti mmoja alikataa nisiione, na huyo sikumrudia.

Ikishawaka, tazama nyuma ya mota kama kijiuzi cha maji kinatoka kwa nguvu. Hicho ndicho kinachosema kwamba maji ya kupoza yanazunguka. Kikikatika, zima mara moja. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki au majani kwenye tundu la kunyonya, na waya mwembamba unatosha. Kibaya zaidi ni mchanga mweusi wa volkeno. Nahodha anayewasha mota kwenye maji ya magoti anaunyonya, nao unasaga pampu ya mpira siku hadi siku mpaka kijiuzi kinakuwa dhaifu hata mota ikienda kasi. Boti isukumwe kwa mti mpaka kina kifike kiunoni, ndipo iwashwe.

Helisi, yaani pangaboi la mota, nayo ina mpira ndani, uliowekwa ili helisi ikigonga jiwe, mpira uteleze na gia zisivunjike. Kwenye lava mpira huo unachoka upesi. Dalili yake: mota inalia sana na boti haiendi. Chora mstari mmoja wa rangi unaoanza kwenye kitovu hadi kwenye bawa la helisi. Mkirudi na mstari umekatika, mpira unateleza na safari ijayo usiikubali. Kamba nyekundu ya kuzimia mota iwe mkononi mwa nahodha. Nimeikuta imefungwa daima kwenye mota yenyewe katika boti mbili kati ya tatu, ambapo haina kazi yoyote: nahodha akianguka majini boti inaendelea bila mtu.

Ubao wenyewe sikuwa na lalamiko kubwa. Mafundi wa ziwa wanajua kalafati yao, yaani kuziba nyufa za mbao. Maji kidogo chini ni kawaida kwa boti iliyokaa juani, mbao zinavimba na kujifunga ndani ya nusu saa. Ila maji yakiwa bado yanapanda baada ya hapo, rudini. Makopo ya kukombea yawe mawili, yafungwe kwa kamba.

Sasa majile. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Ajali kama hiyo inakumbusha kazi ya jile. Bado unapewa jile iliyokaliwa kama mto miaka kadhaa. Ibonyeze sponji kwa kidole gumba: isiporudi, imekufa, haitambeba mtu. Soma maandishi ya ndani. Iliyoandikwa 50 N (nyutoni, kipimo cha nguvu ya kuelea) inamsaidia anayejua kuogelea na mwenye fahamu. Kwa asiyejua, tafuta 100 N au zaidi yenye kola nyuma ya shingo, inayoweza kumgeuza uso ukawa juu. Ivae, funga mikanda yote, inua mikono, mwenzio aivute mabegani. Ikipanda mpaka masikioni ni kubwa mno kwako, majini itakuvuka. Jile ya mtoto ina kilo zake zimeandikwa, na mtoto hafungwi jile ya mtu mzima "kwa leo tu". Katika safari zangu sita sikupata hata mara moja majile yote mazima. Sasa nabeba yangu.

Upepo ndio unaoamua ratiba. Asubuhi ziwa linalala. Kuanzia saa tano au sita unaanza kuvuma kutoka kusini, na kiangazi, Juni hadi Agosti, unakuja na nguvu zaidi. Goma iko mwisho wa kaskazini, kwa hiyo mawimbi yanafika kwetu yakiwa yamekusanya nguvu kwa urefu wa ziwa. Wakati wa mvua hatari ni tofauti: wingu jeusi la alasiri lenye radi, linalobadilisha maji ndani ya robo saa. Naondoka saa kumi na mbili na nusu. Saa hiyo mnakutana na wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, wanaorudi, mitumbwi mitatu iliyounganishwa, na miti yao mirefu inatokeza mbele na nyuma. Usikate mbele yao. Mti hauonekani vizuri jua likiwa usoni, na wavu unaweza kuwa bado chini. Pita nyuma, mbali, polepole. Saa za kutembea ziwani hubadilika kwa amri ya wenye mamlaka, kwa hiyo ulizia bandarini siku moja kabla.

Kurudi, mwombe nahodha afuate mwambao badala ya kukata moja kwa moja. Hapo ndipo pesa yangu inaponilipa. Lava imeingia majini vidole vidole, vingine vimebomoka vikaacha nguzo na mapango madogo, na kwenye usawa wa maji mawe yamevaa ukoko mweupe wa chokaa. Mjini kwenyewe unaona mahali lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipolifikia ziwa baada ya kupita katikati ya jiji, na nyuma yake mlima wenyewe, mita 3,470, kama asubuhi ni safi. Kaa mita thelathini kutoka kwenye mawe: vidole hivyo vinaendelea chini ya maji bila kuonekana, na ndivyo vinavyomaliza helisi. Nanga ya chuma usiitegemee. Mara nyingi chini kunaporomoka ghafla kamba ya mita 20 isiguse kitu, na ikigusa inanasa kwenye ufa. Mfuko wenye mawe ni bora, ukinasa unaukata bila majuto. Kandambili zinakatika siku moja. Viatu vya soli nene na glavu kwa atakayeshika jiwe.

Neno la mwisho kuhusu mwambao huo ni mazuku, na hapa sina mzaha. Kati ya Goma na Sake, hasa kuelekea Bulengo na Lac Vert, hewa ya kabonidioksidi inatoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa kwenye mashimo na mabonde kama maji yasiyoonekana, na asubuhi bila upepo ndipo inapojaa. Saa ileile nzuri kwa boti ndiyo mbaya kwa kushuka. Majani yaliyokauka kwenye shimo tu huku pembeni ni mabichi, wadudu au ndege waliokufa: ondoka. Pango la lava usiingie, mtoto asikimbie bondeni, usiiname kuchota kitu. Kibiriti si kipimo. Moto unazimika wakati hewa imekwisha kuwa ya kumwangusha mtu. Mwenzio akianguka humo usimfuate, maana anayefuata huanguka juu yake. Mvute kwa kamba ukiwa umesimama juu. Nahodha mzuri anayajua mabonde hayo kwa majina, na nikimuuliza akanijibu "hakuna shida" bila kuyataja, nabaki ndani ya boti.

Kulipa: nusu asubuhi mbele ya bidoni zilizojaa, nusu mkirudi. Esansi iliyobaki ni ya aliyeinunua, semeni hilo kabla hamjaondoka. Siwashauri watu kumi kwenye boti ya farasi 15 hata nahodha akiapa inabeba kumi na tano. Kwa kundi hilo chukueni boti mbili zinazoonana, ndiyo njia pekee ya kuvutwa mmoja akizimikiwa.