Risiva ya HD na waya wa manjano: uzoefu wangu Chake Chake

Kwa miezi saba nilijisifu maskani kwamba kwangu mimi mpira natazama kwa HD, ile picha kali ya nukta nyingi. Wenzangu wakanikubalia. Wawili wao walikuja nyumbani usiku mmoja, wakakaa, wakatazama, wakasema kweli bwana, picha hii nyengine. Hakuna hata mmoja wetu aliyeiona HD usiku ule.

Risiva niliinunua Darajani, nilipokwenda Unguja kwa shughuli zangu, shilingi 85,000 baada ya kuvutana bei na muuzaji. Ni hizi za chaneli za bure, hazina kifurushi cha mwezi, ukishalipa umeshalipa. Jina lake halina faida kulitaja, maana nimeshaona maboksi matatu ya majina tofauti na ndani kitu ni kilekile, mpaka rimoti. Boksi langu limeandikwa Full HD 1080 kwa herufi za dhahabu, na kusema kweli mimi nilinunua zile herufi. Nikapanda nayo boti mpaka Mkoani, huku kwetu Pemba, nimeipakata kama mtoto mchanga, na siku ya pili fundi akaja kunifungia.

Fundi si mbaya, dishi alilipata kwa robo saa. Lakini alipofika kwenye televisheni akachukua waya uliokuja na boksi, ule wenye vichwa vitatu, chekundu, cheupe na cha manjano, akachomeka. Picha ikaja, nikamlipa, akaenda zake. Na mimi nilikuwa nimetoka kwenye televisheni ya mgongo nikaingia kwenye bapa ya inchi 32, kwa hivyo kila kitu kilionekana kipya. Ningejuaje?

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa kaka yangu, anayesoma skuli Unguja, alipokuja likizo. Alizunguka nyuma ya televisheni kutafuta pa kuchajia simu, akarudi akaniuliza, "Ami, mbona risiva ya HD umeifunga kwa waya wa manjano?" Nikamwambia huo ndio waya wake, umetoka nao kwenye boksi. Akageuka upande ili nisimuone anavyocheka.

Waya ule wa manjano haubebi HD, hata uwe mpya, hata uwe wa bei ghali. Unabeba picha ya kawaida tu, ya mistari 576, kipimo kilichobaki tangu enzi za analojia. Setilaiti ikileta chaneli ya mistari 1080, risiva inaipokea yote, kisha inaipunguza ipate kupita kwenye mlango ule mwembamba. Ukihesabu nukta ndiyo unajua hasara yake: picha ya kawaida ni 720 kwa 576, inazidi laki nne kidogo, Full HD ni 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili. Yaani katika kila nukta tano zilizoshuka kwenye dishi langu, nne zilikuwa zinaishia ndani ya risiva.

Nikatoka mbio kununua waya wa HDMI, ndio unaobeba HD, shilingi 10,000, hapa hapa Chake. Nikachomeka. Picha ileile! Nusura nimuonee mtoto wa watu. Kumbe risiva ilitoka kiwandani imepangwa kutoa 576i, na itaendelea hivyo hivyo, HDMI au si HDMI, mpaka uingie mwenyewe kwenye menyu ubadilishe. Nilipoiweka 1080i na kwenda kwenye chaneli ambayo kweli ni ya HD, nyavu za goli zikawa nyavu, si ukungu. Majina ya wachezaji mgongoni yakasomeka. Nilikaa kimya kidogo, maana nilikumbuka yale maneno yangu yote ya maskani.

Sasa tuje kwenye menyu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipopoteza jioni tatu. Yangu ina 576i, 576p, 720p, 1080i na 1080p. Ile herufi ya mwisho wengi hawaiangalii, na ndiyo yenye maneno. Kwa i, picha inaletwa nusu nusu: mistari ya witiri kwanza, ya shufwa baadaye, televisheni inaishona. Kwa p, mistari yote inakuja pamoja. Msomaji wa habari aliyekaa kitini hutaona tofauti. Lakini mpira ukipigwa kutoka winga hii kwenda ile, baina ya nusu ya kwanza ya picha na nusu yake ya pili mpira umeshasogea, na televisheni isiyojua kushona inakuonesha kingo zenye meno kama kitana. Televisheni yangu haijui kushona.

Tena imeandikwa HD Ready, si Full HD. Kioo chake ni nukta 1366 kwa 768, kwa hivyo 1080 yoyote nitakayoipelekea itaipunguza tu. Nilijaribu mechi kwa 720p, nikairudisha 1080i, nikairudisha tena. Kwa mpira, 720p ilitulia zaidi. Kwa tamthilia na taarifa ya habari nilidhani 1080i ina ukali kidogo, halafu kesho yake sikuona tena tofauti. Nimeiacha 720p, kwa sababu mke wangu alisema nikiigusa tena ile rimoti ataificha. Mwenye televisheni ya Full HD aweke 1080 wala asihangaike. Na ile 1080p isikutie wazimu: chaneli nyingi za HD za setilaiti zinarushwa kwa 1080i au 720p, kwa hivyo unapochagua 1080p mara nyingi ni risiva inayofanya ile kazi ya kushona badala ya televisheni.

Jengine nililoligundua kwa kubonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti: kinakuonesha chaneli inarushwa kwa kipimo gani. Nilipita chaneli baada ya chaneli, 720 kwa 576, 720 kwa 576, nyengine hata chini ya hapo. Zile za 1920 kwa 1080 nilizozipata kwenye setilaiti ninayoitazama hazikumaliza vidole vya mikono miwili. Zilizobaki risiva inazivuta tu zijae kioo. Mchuzi wa kikombe kimoja ukiumwaga kwenye sinia utaenea, lakini hauongezeki. Risiva haina kosa hapa, ila muuzaji aliponiambia "chaneli zote zitakuja HD" alikuwa ananiuzia mchuzi ambao hana.

Malalamiko yangu makubwa ni mengine. Zipo chaneli zinakuja sauti tupu, kioo cheusi. Ya kwanza kuikuta ilikuwa ya mawaidha, mama akasema basi hiyo ni redio, iache. Nikarudi dukani nilipopata safari, nikaambiwa nisubiri nisasishe programu. Nimesasisha mara mbili, kiza kilekile. Sababu ni kwamba chaneli hizo zimehamia H.265, ufinyazaji wa picha uliotoka mwaka 2013, na risiva yangu inaishia H.264, ya 2003. Ile mpya inapitisha picha ya ubora uleule kwa takriban nusu ya nafasi, na nafasi kwenye setilaiti ni pesa, kwa hivyo wenye chaneli wanaipenda. Kazi ya kuifungua inafanywa na chipu, na chipu isiyoijua haifundishiki kwa programu. Juu ya boksi hakuna mahala palipoandikwa kwamba haiijui. Kilichoandikwa ni 1080, kwa dhahabu.

Kuhusu hewa na mvua: chaneli zangu za HD ndizo za kwanza kuganda na kukatika vipande vipande, za kawaida za mtindo wa zamani zinaendelea. Nyingi za HD zinarushwa kwa DVB-S2, mtindo mpya wa kurusha kwa setilaiti, kwa namna inayobana data nyingi zaidi, na hiyo inataka ishara safi zaidi. Masika ya mwezi wa nne nilikuwa nakosa nusu saa nzima. Fundi mwengine alipanda juu akakuta kichwa cha waya kwenye LNB, kile kidude cha mbele ya dishi kinachopokea ishara, kimeota kutu ya kijani, chumvi ya bahari hiyo, akakibadilisha na kukizungushia mpira. Ubora wa ishara unaooneshwa na risiva ukapanda kutoka 58 hadi 71. Mvua kubwa bado inakata, lakini sasa ni dakika, si nusu saa. Jirani yangu ana dishi la setilaiti iliyopo nyuzi 36 mashariki, na hapa Pemba tupo karibu na nyuzi 40, yaani setilaiti ipo karibu juu ya vichwa vyetu, kwa hivyo lake limelala karibu chali, majani ya mwembe yanajikusanya ndani kama kwenye ungo. Hilo analisafisha mwenyewe kwa ufagio.

Kuna jambo HD haikunitibu. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa kwetu Gombani. Baba hawezi tena kupanda ngazi za uwanja, nikabaki naye nyumbani kutazama. Kelele za goli tulizisikia kwa dirishani, sisi kwenye kioo bado mtu anarusha mpira. Njia ya kupanda setilaiti na kushuka, kilomita kama 36,000 kila upande, inachukua robo sekunde tu. Sekunde nyengine zote zinaliwa na kufinya picha na kuifungua. Baba akasema, "Zima sauti, tufunge dirisha." Tukafunga dirisha, kwa joto la Januari.

Kwa 85,000 sijuti, lakini leo nisingeinunua hii. Ningemwambia muuzaji anioneshe neno H.265 kwenye boksi, au aichomeke dukani nione picha, na ningehesabu bei ya HDMI mapema. Nimeshaagizia nyengine. Hii ameiomba mama, aiweke chumbani kwake. Yeye husema sisi hapa tuliona televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara wakakaa mpaka 1994 bila ya televisheni yoyote, kwa hivyo nisimbabaishe na mambo ya mistari. Televisheni yake ni ile ya mgongo, haina hata tundu la HDMI. Jana nimezunguka nyumba nzima nautafuta ule waya wa manjano.