Tauri 2 kwa kompyuta na simu: uzoefu wangu Kigoma

Nilihitaji programu moja ya kuandikia manunuzi ya dagaa na mawese. Ifanye kazi kwenye kompyuta ya Windows iliyoko ghalani kwa shangazi, Mwanga, na pia kwenye simu ya Android ya binamu yangu anayeshinda mwaloni Kibirizi. Ninachokijua ni HTML, CSS na JavaScript. Kujifunza lugha nyingine kwa ajili ya simu, na nyingine tena kwa ajili ya kompyuta, sikuwa na muda huo. Nikachagua Tauri, zana ya kugeuza kurasa za HTML, CSS na JavaScript kuwa programu kamili, toleo lake la 2 lililotoka rasmi Oktoba 2024, kwa sababu ndilo lililoanza kutengeneza programu za Android na iOS. Toleo la 1 lilikuwa la kompyuta tu.

Wengi watauliza kuhusu Electron, zana nyingine ya kazi hiyo hiyo. Electron hupakia kivinjari kizima cha Chromium pamoja na Node.js (kinachoendesha JavaScript nje ya kivinjari) ndani ya kila programu, na haitengenezi programu za simu. Tauri haibebi kivinjari chake. Inatumia kilichomo tayari kwenye mashine: WebView2 kwa Windows, WebKit kwa macOS na Linux, na WebView ya Android kwa simu. Sehemu ya ndani imeandikwa kwa lugha ya Rust. Kwa hiyo faili la kusakinisha linatoka dogo kiasi cha kutumwa kwa WhatsApp bila kumaliza bando la mtu, na kwa sisi huku hiyo ndiyo sifa niliyoipenda kuliko zote.

Ila wepesi huo ni wa mtumiaji. Wewe unayetengeneza, andaa bando la kutosha. Kwenye Windows utahitaji Rust, Node.js na Microsoft C++ Build Tools, kisha Android Studio pamoja na SDK na NDK yake, yaani vifaa vya kujengea programu za Android. Hizo ni gigabaiti kadhaa, na nashauri ushushe vyote kabla hujaandika mstari hata mmoja, tena mahali penye intaneti ya uhakika. Kuna pia njia tatu za kuuonyesha mfumo vifaa hivyo viko folda gani: JAVA_HOME, ANDROID_HOME na NDK_HOME. Zisipokaa sawa, upande wa Android hauanzi kabisa.

Kuanzisha mradi wenyewe ni rahisi sana. Unaandika `npm create tauri-app@latest`, unajibu maswali machache (mimi nilichagua Svelte, mfumo wa JavaScript wa kutengenezea kurasa), unaingia kwenye folda ya mradi na kuandika `npm install`, kisha `npm run tauri dev`. Mara ya kwanza inachukua muda mrefu, kwa kuwa Rust inashusha na kujenga vifurushi vingi. Baada ya hapo inajenga tu ulichobadilisha. Angalia nafasi ya diski: folda ya `target` hunenepa hadi gigabaiti nyingi.

Mahali panapohitaji utulivu ni ruhusa. Tauri 2 haikubali ukurasa wako uguse kitu cha mashine mpaka umeandika ruhusa kwenye folda ya `capabilities`. Mfano mzuri ni plagini (kiongezo) ya SQL niliyoitumia kuhifadhi kumbukumbu kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja. Ruhusa yake ya kawaida, `sql:default`, inatosha kufungua hifadhidata na kusoma. Kuandika ni mpaka uongeze `sql:allow-execute`. Mtu asiyelijua hilo ataona orodha inafunguka vizuri lakini gunia jipya haliingii, akatafuta kosa kwenye JavaScript yake. Utaratibu huu naukubali kwa moyo wote. Hesabu za biashara ya familia hazifai kuachwa wazi.

Jambo jingine kwa wenzangu wa mikoani: kompyuta ya zamani isiyo na WebView2 itataka kuishusha wakati wa kusakinisha. Kama haina intaneti, weka `offlineInstaller` kwenye `tauri.conf.json`. Faili litaongezeka takriban MB 127, kwa hiyo tengeneza la namna hiyo kwa mashine hizo tu, ulipeleke kwa flashi.

Upande wa simu, `npm run tauri android init` kisha `npm run tauri android dev` huku simu imechomekwa kwa waya. Inahitaji Android 7 au zaidi. APK ya kawaida, yaani faili la kusakinisha la Android, hubeba matoleo ya aina nne za prosesa. Ukiongeza `--split-per-abi` kwenye amri ya kujenga, `npm run tauri android build --`, unapata faili jepesi kwa kila aina. Usisahau kuisaini kwa ufunguo wako, la sivyo simu itaikataa, na ufunguo huo utunze vizuri maana masasisho yote yatauhitaji.

iPhone sijagusa, kwani lazima uwe na Mac yenye Xcode, programu ya Apple ya kujengea programu. Binamu sasa anaandika magunia palepale mwaloni, hata zile siku za giza ambapo mitumbwi inarudi imejaa na bei inabadilika kabla jua halijapanda. Kazi iliyobaki ni kuunganisha kumbukumbu za simu na za ghalani. Kwa sasa anabeba simu hadi Mwanga, tunahamisha faili jioni.