Pawasaplai isiyo na feni kwenye mita 4,000: uzoefu wangu

Nasimamia kituo cha kurudia mawimbi ya redio kilicho mlimani, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mitambo yote pale inatumia umeme wa DC wa volti 24, na umeme huo unatoka kwenye pawasaplai moja, yaani kifaa kinachogeuza umeme mkubwa wa waya kuwa volti hizo 24, iliyofungwa ndani ya kabati la chuma. Ninayoieleza hapa ni ya wati 600, haina feni, joto lake hutolewa nje kupitia bamba la alumini lililo mgongoni. Imeshapitia kiangazi na baridi ikiwa kazini, kwa hiyo naisema nikiwa naijua. Nimeridhika nayo sana, tena kwa sababu ambazo tangazo lake halizigusi kabisa.

Iliyokuwapo kabla yake ilikuwa ya wati 500, yenye feni, ya kiwanda kingine. Haikuwa bidhaa mbovu. Ikiwa chini karakanani ilibeba mzigo wa wati 450 kutwa nzima bila shida. Ikishapandishwa mlimani na mzigo ule ule, inajizima saa za mchana, inakaa dakika chache, inawaka yenyewe, halafu inajizima tena. Kila inapozima redio zinahamia kwenye betri za akiba, na betri zikifanyiwa hivyo kila siku haziishi miaka yake. Nilipowaandikia waliotuuzia, jibu lilikuwa kwamba taarifa za kifaa zinaonyesha feni inazunguka vizuri, basi hakuna hitilafu.

Feni ilikuwa inazunguka vizuri kweli. Tatizo ni kwamba feni husukuma ujazo wa hewa, ilhali kinachobeba joto ni uzito wa hewa hiyo. Kwenye usawa wa bahari mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225 hivi; kwenye mita 4,000 ina kilo 0.82, yaani theluthi mbili. Kwa hiyo pale ambapo hewa inayopita ndani ya kifaa ingepata joto la nyuzi 10 ukiwa chini, juu itapata nyuzi 15 kwa mzigo ule ule. Na kwa kuwa hewa nyepesi haiipi feni upinzani wa kawaida, feni huongeza kasi kidogo. Kitambuzi cha mizunguko ya feni kinaleta habari njema wakati kapasita, vile vipande vya ndani vinavyohifadhi chaji ya umeme, zinaiva. Kapasita za elektroliti, kwa kanuni ambayo mafundi wote huitumia, hupoteza nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kwa hiyo hata pawasaplai isiyojizima inazeeka upesi bila mtu kujua.

Watu huniuliza: huko juu si baridi? Ni baridi. Hewa ya nje hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lakini pawasaplai haikai nje, inakaa ndani ya kabati lililofungwa pamoja na redio zinazotoa joto lake, na jua la mlimani ni kali kwa sababu hewa ya kulipunguza makali ni chache. Nimepima nyuzi 48 ndani ya kabati mchana, nje mtu amevaa koti. Usiku mambo yanageuka, kabati linakuwa baridi kuliko friji, na ndiyo maana nataka kifaa kinachovumilia pande zote mbili.

Hesabu yenyewe imo kwenye karatasi ya vipimo, kwa maandishi madogo karibu na mwisho. Watengenezaji wengi huandika hivi: ukivuka mita 2,000, toa nyuzi 5 kwa kila mita 1,000 kwenye kiwango cha joto ambacho kifaa bado hutoa wati zote, ikiwa kina feni, au nyuzi 3.5 ikiwa hakina. Ile ya zamani iliahidi wati zote hadi nyuzi 50, kisha inapoteza asilimia 2.5 kwa kila nyuzi moja. Kwa mita zangu 4,000, zile 50 zinakuwa 40. Kabati likifika 48, nimezidi kwa nyuzi 8, asilimia 20 imekwenda, zimebaki wati 400. Mzigo wangu ni 450. Kinga yake ya joto ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Hii mpya, kwa hesabu hiyo hiyo, inaanza kupungua kwenye nyuzi 43, na kwenye 48 bado inanipa wati 525.

Kwa nini isiyo na feni inaumia kidogo? Joto lake husafiri ndani ya chuma, kutoka bambani hadi ukutani mwa kabati, na chuma hakijali mwinuko. Hewa nyepesi inahusika nje tu, ambako ukuta ni mpana na sehemu ya joto huondoka kwa mnururisho, yaani kama miale isiyohitaji hewa. Ukitaka kuona shida ya kupoza kwa feni ilivyo kubwa huko juu, tazama darubini ya redio ya ALMA, Chile, kwenye mita 5,000 hivi: kompyuta yake ya kuunganisha mawimbi, inayokula kilowati 140 hivi, ilihitaji mtiririko wa hewa mara mbili ya kawaida. Hata diski ngumu za kuzunguka hazifai pale, kwa kuwa vichwa vyake vya kusomea huelea juu ya utando wa hewa.

Sababu ya pili ya kuichagua haina uhusiano na joto, na kwangu ina uzito zaidi kwa sababu inagusa usalama wa mtu. Hewa ndiyo kihami, yaani kizuizi cha umeme, kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa volti 24. Mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti ya kupasua hewa hutegemea shinikizo na umbali kwa pamoja. Kwenye nafasi za milimita kadhaa kama hizi, shinikizo likishuka cheche huruka kwa volti ndogo zaidi. Umeme wa kawaida hautaruka, lakini radi ikipiga jirani na waya, unaweza. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa umeme, IEC 60664-1, kinataka nafasi hizo zizidishwe kwa 1.29 kwenye mita 4,000, na kwa 1.48 kwenye 5,000. Vifaa vingi vimebuniwa kwa mita 2,000 tu. Hii yangu imethibitishwa hadi 5,000. China iliweka sharti hilo kwenye kiwango chake cha GB 4943.1 cha 2011: kifaa kisichofika 5,000 kibandikwe alama ya mlima inayoonya kuwa mwisho wake ni mita 2,000. Ukiiona alama hiyo mgongoni, usikipandishe.

Kasoro zipo. Ni nzito, na bamba lisipogusana vyema na ukuta haina faida yoyote. Grisi ya kupitisha joto haikuja nayo, na maelekezo hayasemi skrubu zikazwe kwa nguvu kiasi gani. Kwa bidhaa ambayo upoaji wake wote unategemea mgusano huo, huo ni uzembe. Asubuhi zenye baridi kali inachelewa kuwaka kwa sekunde chache, lakini haijawahi kugoma.

Kama uko chini ya mita 2,000, yenye feni itakutosha na ni nyepesi kubeba. Kama kabati lako ni la plastiki, hii achana nayo, joto halitakuwa na pa kwenda. Na kama mzigo wako umefika wati 550, funga mbili zigawane kazi, maana moja peke yake haitaufikisha saa nane mchana.