Tathmini: huduma ya mazungumzo na wananchi katika utafiti wa jeni Kilifi

Programu ya utafiti ya KEMRI (Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya) na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, iliyoanzishwa Kilifi, pwani ya Kenya, mwaka 1989, inafahamika zaidi kwa kazi yake ya malaria kuliko kwa huduma ninayoitathmini hapa, yaani utaratibu wake wa kuzungumza na wananchi ambao damu yao inachunguzwa. Kwangu mimi, huduma hiyo ina uzito sawa na maabara yenyewe.

Kwetu Pwani damu ni undugu, na pia ni hofu, maana wengi wetu tulikua tukionywa kuhusu mumiani, wanaosemekana kunyonya damu za watu. Mtafiti anayefika na sindano, akisema anatafuta jeni zisizoonekana kwa macho, huyakuta maswali yakimsubiri mlangoni. Programu hiyo iliweka wawakilishi waliochaguliwa na wakazi wenyewe, ambao hukutana na watafiti na kurudisha majibu vijijini. Wanafunzi wa sekondari nao hukaribishwa kuiona maabara.

Mfano ulionishawishi ni wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, na utafiti wa Kilifi umeonyesha kwamba ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Je, mzazi aambiwe kwamba mwanawe ameibeba tu? Swali hilo ni la kitabibu mpaka jamaa waulize imetoka upande wa nani, kwa kuwa jibu linaweza kuzua shaka kuhusu baba wa mtoto, au likambebesha mama lawama peke yake. Watafiti hawakujifungia nalo, bali walilijadili na wakazi, na hapo ndipo ninapowapa heshima yangu yote.

Nina wasiwasi kuhusu wawakilishi, kwa sababu kadiri mtu anavyoizoea taasisi ndivyo inavyomwia rahisi kuisemea kwa kijiji kuliko kukisemea kijiji kwake. Ningependa pia waliokataa kushiriki wasikilizwe katika baraza lao, bila kushawishiwa. Vilevile sampuli huhifadhiwa kwa miaka mingi, na takwimu zake huwafikia watafiti wa nchi nyingine. Kwa hiyo mtoto ambaye mzazi wake aliridhia ushiriki kwa niaba yake anastahili, akishakuwa mtu mzima, kuulizwa upya yeye mwenyewe.