Nyuzi bapa kwa rithimu ya kukatakata: D'Addario Chromes 11–50

Karibuni watazamaji. Mezani leo tuna seti ya nyuzi za gitaa la umeme, D'Addario Chromes, 11 hadi 50 (unene wa nyuzi kwa elfu za inchi), na tunaipima kwa kazi moja tu: rithimu ya kukatakata, zile kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) fupi za pop ya miaka ya 1960, unapiga na kunyamazisha papo hapo.

Sikiliza nyuzi za kawaida. Tcha... tcha. Sasa hizi. Tcha... tcha. Umesikia mkia wa sauti ulivyofupika? Nyuzi nene za kawaida huzungushiwa waya wa duara, ndiyo maana ukipitisha ukucha zinakwaruza. Hizi zimezungushiwa utepe bapa wa chuma kisichoshika kutu, laini kabisa. Mlio mkali unapungua, sauti inazima mapema, na vidole vikihama hupati ule mkwaruzo.

Lakini kabla hujatoa hela, angalia hapa. Uzi wa kwanza na wa pili ni chuma kitupu, kama katika seti yoyote. Ukipiga kodi kwenye nyuzi tatu nyembamba, umelipia uzi wa tatu peke yake. Hamia wa 4, wa 3 na wa 2, kwa mpangilio huo. Kodi ya Am: freti (vyuma vya kugawa shingo) ya 7, 5, 5. D: 7, 7, 7. G: 9, 7, 8. Piga pigo la 2 na la 4 tu kati ya kila manne, mwendo wa mapigo 110 kwa dakika. Hapo nyuzi mbili kati ya tatu ni bapa, na tofauti inasikika waziwazi.

Pale Motown, kampuni ya kurekodi muziki ya Detroit, walikuwa na wapiga gitaa watatu, Robert White, Eddie Willis na Joe Messina, na magitaa yaliingia moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodi bila kupitia ampu (kikuza sauti). Kwa hiyo ukitaka ladha ile, sauti iwe safi: gain (nguvu ya sauti inayoingia) chini, mwangwi kidogo sana, pikapu (vinasa sauti vya gitaa) zote mbili pamoja. Piki, kile kibao cha kupigia nyuzi, iwe ngumu, kama milimita 1. Piki laini inapinda, nyuzi zinalia moja baada ya nyingine, na kodi inapoteza ngumi yake.

Kunyamazisha ni kazi ya mkono wa kushoto, na hakuna uzi utakaokufanyia. Legeza vidole mara tu baada ya kupiga, ila visiachane na nyuzi. Ukiviinua, nyuzi wazi zitalia. Na ile D ya freti 7 ina mtego: ukiibana kwa kidole kimoja kisha ukakilegeza, inatoka sauti ya kengele, kwa sababu pale ndipo uzi unapojigawa sehemu tatu sawa. Dawa yake ni kulaza kidole cha pili juu ya nyuzi wakati huohuo unapolegeza. Rudia hilo polepole, mwendo wa 70, mpaka kengele ipotee.

Kwenye kufunga, seti hii inasumbua kidogo. Kama ulikuwa na seti inayoanzia 9 au 10, mvuto unaongezeka na shingo inapinda mbele. Kaza fimbo ya ndani ya shingo robo mzunguko, kisha pima tena. Uzi wa tatu hapa umezungushiwa utepe, mnene kuliko ule mtupu uliozoea, kwa hiyo mfereji wake kule juu ya shingo unaweza kuubana. Ukisikia "tik" unapokaza, mfereji unahitaji kupanuliwa kwa tupa ndogo. Kisha sogeza tandiko la uzi huo (kipande unachokalia) kwenye daraja, kule mwisho wa nyuzi kwenye mwili wa gitaa, kuelekea shingoni, la sivyo noti ya freti ya 12 itakuwa chini ya inavyotakiwa.

Kuvuta uzi wa tatu kama mpiga solo, sahau. Mwenye gitaa moja la kupigia kila kitu, siwezi kukushauri ununue hizi. Mwenye gitaa la pili linalokaa tu ukutani, lifunge seti hii leo.